Nusu meka iliyopotea: watoto wa Zongwe wapewe mazoezi ya fraksio, si wimbo wa fraksio

ZONGWE, eneo la Kalemie – Nyumbani kuna meka tatu na robo za unga. Mama anachukua meka moja na nusu kwa kupika bukari. Kunabaki ngapi?

Ulizo hili si la kitabu. Ni ulizo la kila jioni katika nyumba za Zongwe, na zaidi katika nyumba zinazopokea jamaa zilizokimbia vita, ambamo unga hupimwa kabla ya moto kuwashwa. Akiulizwa mtoto wa darasa la tano au la sita, mtoto aliyeandika fraksio katika kaye yake muhula mzima, mara nyingi jibu ni hili: "Mbili na robo."

Alivyofanya ni rahisi kuona. Tatu toa moja, mbili. Kisha kati ya robo na nusu akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata robo. Akaandika mbili na robo, akaweka biki chini, akangoja sifa.

Jibu la kweli ni moja na robo tatu. Kati ya jibu lake na unga uliomo ndani ya mfuko kuna tofauti ya nusu meka. Nusu meka hiyo iko kwenye karatasi tu. Nyumbani haipo. Mama akipanga chakula cha kesho kwa hesabu ya mtoto huyu, kesho kuna mtu atakayelala bila kula, na hakuna mtu aliyeiba.

Kwa hiyo lisemwe wazi: fraksio zenye thamani sawa na namba za mchanganyiko hazifundishwi vya kutosha katika shule zetu za msingi. Zinatajwa. Zinaandikwa ubaoni. Zinaimbwa. Lakini mtoto hapewi mazoezi, na hesabu bila mazoezi ni kama kuogelea kwa kusimuliwa: siku mtumbwi unapopinduka ndipo mtu anajua kama amejifunza.

Somo linavyokwenda

Mzazi yeyote aliyefungua kaye ya mtoto wake anajua somo hili linavyokwenda. Mwalimu anaandika ubaoni: 1/2 = 2/4 = 4/8. Anaandika kanuni chini yake: "Zidisha juu na chini kwa namba moja." Watoto wananakili. Wanasoma kwa sauti moja mara tatu. Mfano mmoja, labda miwili. Kesho yake ni somo jingine. Baada ya majuma kadhaa kunakuja ulizo la mtihani, na nusu ya darasa linaandika kwamba 1/2 na 1/3 vikijumlishwa vinatoa 2/5.

Jibu hilo litazamwe vizuri. Mtoto alikuwa na nusu. Akaongezewa theluthi. Akabaki na 2/5, ambayo ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo! Sokoni mtoto huyohuyo hawezi kukubali jambo kama hilo hata dakika moja. Akiwa na nusu lita ya mawese, akamiminiwa mawese mengine juu yake, kisha muuzaji amwambie kwamba sasa ana chini ya nusu lita, atapiga kelele soko lote lisikie. Lakini darasani anaandika uongo huo kwa mwandiko mzuri, kwa sababu darasani hakuna aliyemwambia kwamba 1/2 ni kitu. Ameambiwa ni namba mbili zilizopandana, moja juu, moja chini, na kila moja inafanyiwa kazi yake.

Kosa hili si la watoto wa Kongo tu, wala si aibu ya watu maskini. Mwaka 1978, katika mtihani wa taifa wa Marekani, wanafunzi wa miaka 13 waliulizwa 12/13 na 7/8 vikijumlishwa vinakaribia namba gani: 1, 2, 19 au 21. Jibu ni 2, kwa sababu kila moja ya fraksio hizo inakaribia moja nzima. Wanafunzi waliochagua 2 walikuwa takribani mmoja kati ya wanne tu. Wengi walichagua 19 au 21. Zilitoka wapi? Kumi na mbili na saba, kumi na tisa. Kumi na tatu na nane, ishirini na moja. Walijumlisha za juu, au walijumlisha za chini. Ni ugonjwa uleule, katika nchi yenye vitabu, umeme na madirisha ya vioo. Kwa hiyo asije mtu kusema kwamba ugonjwa huu dawa yake ni pesa peke yake.

Kanuni ina sababu, na sababu haisemwi

Kwa nini mtu azidishe juu na chini kwa namba moja? Watoto wengi wanajua kanuni, wachache wanajua sababu. Na sababu inaonekana kwa karatasi moja tu.

Karatasi ikunjwe mara mbili sawasawa, ipakwe rangi upande mmoja. Hiyo ni 1/2. Ikunjwe tena kwa njia nyingine ili kila upande ugawanyike vipande viwili. Sasa karatasi ina vipande 4, na vyenye rangi ni 2. Hiyo ni 2/4. Rangi haikuongezeka. Karatasi haikupungua. Vipande vimekuwa vingi mara mbili, lakini kila kipande kimekuwa kidogo mara mbili. Ndiyo maana namba ya juu na ya chini zinazidishwa pamoja: wingi unapanda, ukubwa wa kipande unashuka, na kitu chenyewe hakibadiliki.

Namba ya mchanganyiko nayo ni vivyo hivyo. Meka tatu na robo ni meka nzima tatu, na kipande. Kila meka nzima ina robo nne. Meka tatu zina robo 12. Ukiongeza ile robo moja, ni robo 13, yaani 13/4. Meka moja na nusu ni robo 6, yaani 6/4. Kumi na tatu toa sita, saba. Robo saba ni meka moja na robo tatu. Hakuna uchawi hapo. Kuna kazi moja tu: kuvunja vyote viwe vipande vya ukubwa mmoja kabla ya kutoa. Mtoto aliyetoa ndogo kwenye kubwa hakukosa akili. Alikosa zoezi la kuvunja meka nzima pale robo isipotosha kutoa nusu.

Na zoezi hilo halipatikani kwa mfano mmoja. Linapatikana kwa mifano 50, iliyofanywa kidogo kidogo, kila siku, hadi mkono uwe na mazoea na kichwa kipate nafasi ya kufikiri.

Kiswahili kinajua fraksio kuliko ubao

Kuna jambo la ajabu. Mtoto wa Zongwe akisema "robo tatu", lugha yake tayari imemfundisha nusu ya somo. Kwanza anataja kitu: robo. Kisha anataja ngapi: tatu. Robo tatu, kama anavyosema meka tatu, samaki tatu. Ni kuhesabu vitu. Kumbe fraksio ni hilo tu: aina ya kipande, na idadi ya vipande.

Kisha mtoto huyu anaingia darasani, anafundishwa kusoma 3/4 kama "tatu juu ya nne", au kwa Kifaransa ambacho bado hajakizoea. Kitu kilichokuwa wazi kinafunikwa. Hapo ndipo namba mbili zinaachana, na mtoto anaanza kujumlisha za juu peke yake na za chini peke yake.

Si swala la kufukuza Kifaransa. Mtihani wa taifa wa mwisho wa shule ya msingi unaandikwa kwa Kifaransa, na mtoto asiyejua maneno ya hesabu kwa Kifaransa atapotea siku hiyo. Lakini Katiba ya mwaka 2006 inataja Kiswahili kati ya lugha nne za taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, na sheria ya elimu ya Februari 2014 inaruhusu lugha hizo kutumiwa katika kufundisha. Mwalimu anayeeleza kwa Kiswahili kwanza, kisha akaweka neno la Kifaransa juu ya kitu ambacho mtoto amekwisha kukielewa, havunji sheria. Anaitumia. Mwalimu anayeanza na neno la kigeni kabla ya kitu, anajenga paa kabla ya ukuta.

"Watoto wa vita wanahitaji chakula kwanza"

Neno hili linasemwa mara nyingi, hata na watu wema. Wanasema: mtoto aliyekimbia vita anahitaji chakula, dawa na mahali pa kulala. Fraksio zitangoja.

Zitangoja hadi lini? Jimbo la Tanganyika lilizaliwa mwaka 2015 kutoka Katanga ya zamani. Mwaka uliofuata na ule wa 2017, mapigano kati ya Watwa na Wabantu yalimwaga maelfu ya jamaa kandokando ya Kalemie, na shule nyingi ziligeuka mahali pa kulala. Mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda, yakafukuza wengine. Mwaka 2025, baada ya Goma kuanguka mwezi wa Januari na Bukavu mwezi wa Februari, jamaa nyingine zilishuka kusini zikitoka Kivu. Mtoto aliyezaliwa mwaka 2016 chini ya hema amekwisha kufika umri wa kusoma fraksio. Kama zilikuwa zingoje vita viishe, yeye hatazisoma kamwe.

Tena mhami ndiye anayegawanyiwa vitu kuliko wote. Yeye ndiye anayepokea mfuko mmoja kwa nyumba tatu. Yeye ndiye anayeambiwa "nyinyi mnapata mbili juu ya tano, wale wanapata robo", na hana njia ya kujua nani amepata zaidi. Kati ya 2/5 na 1/4, kubwa ni ipi? Anayejua kufanya fraksio zenye thamani sawa anazileta zote kwenye vipande 20: moja ni 8/20, nyingine ni 5/20. Amekwisha kujibu. Asiyejua anabaki kutazama uso wa msemaji. Wivu na magomvi mengi wakati wa kugawa vitu yanaanzia hapo: watu hawakuonewa, lakini hawakuweza kuhakikisha, au walionewa, na hawakuweza kuonyesha.

Kugawa kwa haki ndiko kulikozaa hesabu hii. Zaidi ya miaka 3,500 iliyopita, mwandishi mmoja wa Misri aliandika juu ya mafunjo namna ya kugawa mikate kati ya watu 10, kila mtu apate sawa. Kitu cha kwanza ambacho watu walitafuta katika fraksio hakikuwa mtihani. Kilikuwa mkate.

"Sokoni watajifunza wenyewe"

Wengine wanasema mtoto anayeuza ndagala na mama yake anajua nusu na robo kuliko mwalimu. Ni kweli nusu moja. Anajua nusu na robo. Lakini soko linafundisha fraksio zile tu zenye kipimo chake. Hakuna kikombe cha theluthi moja juu ya meza ya unga, hakuna kipimo cha 5/6. Siku shamba la baba litakapogawanywa kati ya watoto watatu, kisha sehemu ya mmoja igawanywe tena kati ya wawili, soko halina kipimo cha kumsaidia. Kaye inacho: ni 1/6.

Na kuna jambo kubwa zaidi. Mwaka 2012 watafiti wakiongozwa na Robert Siegler walitazama watoto wa Marekani na Uingereza, wakaona kwamba ujuzi wa fraksio na wa kugawanya katika umri wa miaka 10 hivi unaonyesha mbele namna mtoto atakavyofanya hesabu za sekondari, hata ukiweka kando akili yake na hali ya jamaa yake. Maana yake ni hii: fraksio ni mlango. Anayekwama hapo anakwama kwenye asilimia, kwenye aljebra, kwenye dawa inayopimwa kwa kilo za mgonjwa, kwenye saruji na mchanga, kwenye mafuta ya motere. Zongwe inataka wauguzi, mafundi na wahasibu wake yenyewe. Haitawapata kwa kuruka mlango huu.

"Mwalimu afanye nini na darasa lililojaa?"

Hili ndilo neno zito, na lisijibiwe kwa dharau. Shule ya msingi ya serkali haina malipo kwa sheria ya Katiba, na amri hiyo ilianza kutekelezwa nchini mwezi wa Septemba 2019. Watoto walijaa. Benchi hazikuongezeka kwa kiasi hicho, na walimu wengi nchini wanafundisha wakingoja kuandikwa kwenye orodha ya mishahara. Kumpigia kelele mwalimu mwenye njaa ni woga. Lawama ya kwanza ni ya serkali, na lazima ibaki mlangoni pake: mwalimu anayefanya kazi alipwe.

Lakini kuna mambo ambayo hayangoji mshahara wa mtu. Zoezi la dakika 10 kila asubuhi halina bei. Karatasi ya kukunja haitoki Kinshasa. Vijiti 12 juu ya meza vinaonyesha kwamba 1/3, 2/6 na 4/12 ni vijiti vilevile vinne. Darasa lililojaa linaweza kufanya kazi mbili mbili: mmoja anauliza, mwingine anajibu na kueleza sababu, kisha wanabadilishana. Anayeeleza ndiye anayejifunza zaidi. Mwalimu hawezi kusahihisha kaye zote, lakini anaweza kusahihisha kosa moja la siku mbele ya wote, bila kumtaja aliyelifanya na bila kumchapa. Fimbo haijawahi kufundisha mtoto kwa nini nusu ni sawa na 3/6.

Na wale wanaoleta misaada nao wasikilize. Mifuko ya shule yenye nembo ni mizuri katika picha. Ndani ya mfuko kuwe na kitu cha kufanyia kazi: kaye ya mazoezi, yenye maulizo mengi na majibu nyuma, kwa Kiswahili na Kifaransa ubavu kwa ubavu. Katika vituo vya kufidia masomo, ambamo miaka sita ya shule ya msingi inabanwa kuwa mitatu, kitu cha kwanza kupunguzwa kisiwe mazoezi. Afadhali mtoto afanye mada chache na azijue, kuliko apite mada zote kama gari lisilosimama.

Wazazi nao wana fungu lao. Mama asiyejua kusoma anaweza kufundisha fraksio kuliko anavyodhani. Aseme tu: "Nina meka mbili na nusu, ninataka zidumu siku tano. Kila siku nipike ngapi?" Mtoto akijibu nusu meka, amekwisha kugawa 5/2 kwa tano bila kujua. Amwombe aonyeshe kwa kipimo, mbele ya macho yake. Unga hausemi uongo.

Kazi ya leo jioni

Mwenye kaye karibu aichukue, mwenye radio peke yake aandike chini kwa kijiti. Maulizo ni matano.

Moja: 2/3 ni sawa na ngapi juu ya 12? Mbili: punguza 6/8 hadi mwisho. Tatu: 11/4 ni nzima ngapi na kipande gani? Nne: tatu na 2/5 ni fraksio gani moja? Tano: mfuko una meka tano na 1/3, zikitolewa mbili na nusu, kunabaki ngapi?

Majibu: 8/12, 3/4, mbili na 3/4, 17/5, mbili na 5/6. Aliyekosa la tano asione haya. Avunje vyote viwe vipande vya sita: 32/6 toa 15/6, kunabaki 17/6. Kisha afanye lingine kama hilo, na lingine, na lingine.

Watoto wa Zongwe na wageni wao waliokuja na vita wamekwisha kupoteza vingi: nyumba, mashamba, miaka ya masomo. Vitu hivyo haviko mikononi mwa mwalimu wala mzazi kuvirudisha. Nusu meka hii iko mikononi mwao. Isipotee tena.